Dobi anayedai dirisha: "Kibanio changu kilibanwa na mkono usio wangu"

Jua halijapanda juu ya ukuta wa ua, na tayari mikono ya dobi huyu imezama kwenye beseni hadi viwikoni. Anainua shuka, analikunja, analikamua kwa kulisokota kama sikio la mtoto mkaidi, kisha analitupa kwenye beseni la kusuuzia. Maji yanamrukia usoni. Anajifuta kwa bega, maana mikono haina nafasi.

Ni wiki iliyopita, na bado yuko peke yake. Wenzake kumi na mmoja wako ndani ya jengo, ghala la zamani lenye vyumba vitatu, kwenye mapipa ya maji moto, meza ndefu ya kukunjia na pasi. Wanapita mlangoni na matenga ya nguo, wanamwona, na wengine wanamsalimia kwa nyusi tu. Mmoja anacheka na kusema kwa sauti ya kusikika, "Mama Sitaki ameshafungua kiwanda chake."

Mama Sitaki ndiye huyu. Anamalizia shuka lake, anakausha mikono kwenye aproni, anaokota kipande cha mkaa kando ya jiko na kuuendea ukuta wa chumba cha kulowekea. Hapo ukutani pana waa jeusi, masalia ya mchoro uliofutwa kwa kitambaa chenye maji. Juu ya waa hilo anachora upya mraba mkubwa, mpana kama mikono yake ikinyooshwa. Anarudi nyuma, anautazama, anarekebisha pembe moja.

"Hilo ni dirisha," anasema. "Wao hulifuta kila jioni, mimi hulichora kila asubuhi. Tutaona nani atachoka kwanza."

Kwa mpita njia, hivyo ni vituko vya mwanamke mbishi asiye na kazi ya kufanya. Lakini ukivuta ndoo ukaigeuza ukaikalia, ukamsikiliza huku akifua, kicheko kinakukauka mdomoni na badala yake kinakupanda kitu kingine kifuani. Kinaitwa hasira, na mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuificha.

Tuanze na hilo jina. Mama huyu wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, hajawahi kusema "sitaki" katika kikao chochote cha kikundi chake. Alichosema ni "nataka, lakini". Wenzake walilishika hilo "lakini", wakalitupa "nataka", kisha wakambandika jina ambalo sasa hata watoto wa mtaani wanamwitia.

Kikundi hiki cha madobi kilianzishwa na bibi mmoja, sasa marehemu, ambaye hadi leo wote humwita Bibi Povu. Inasemekana alikuwa ameshafukuzwa kwenye vyama viwili vya akina mama kwa kosa la kuuliza maswali. Alipoanzisha chake aliapa kwamba hapatakuwa na kura. "Wengi wape" ilikuwa methali aliyoichukia kuliko doa la kutu. Wengi wakishapewa, alikuwa akiuliza, wachache wale nini?

Basi akaweka utaratibu wa kidobi. Kila mwanachama ana kibanio chake cha mbao, kile kile cha kuanikia nguo, chenye alama yake. Cha Mama Sitaki kimezungushiwa uzi wa kijani. Siku ya kikao hufungwa kamba fupi juu ya meza ya kukunjia. Jambo likishazungumzwa, aliyeridhika hubana kibanio chake kwenye kamba. Vikitimia vyote kumi na viwili, wamekubaliana. Kikikosekana kimoja, bado. Kibanio kikishabanwa hakitolewi hadi kikao kingine, na hakuna anayeondoka kamba haijajaa.

Na yule ambaye kibanio chake kingali mkononi, husimama.

"Bibi Povu alitaka asimame ili aonekane," anaeleza Mzee wa Pasi, mwanamume pekee kwenye kikundi, ambaye amekuwepo tangu pipa la kwanza. "Aliyesimama ndiye mwenye kikao. Sisi tuliokaa tunanyamaza, tunamuuliza: mwenzetu, unahitaji nini ndipo ubane? Ndiyo ilikuwa heshima yake."

Na siku hizi mnamuuliza?

Mzee anageuza kola ya shati, anaipiga pasi upande wa pili, anaigeuza tena.

"Siku hizi tunamsubiri achoke," anasema.

Mwaka jana hali ya kikundi ilikuwa mbaya. Watu wa mtaa wamenunua mashine za kufulia, na wasio nazo wana jirani mwenye nayo. Kulikuwa na siku mbili nzima kila wiki ambazo mapipa yalikaa makavu. Mgao wa mwisho wa mwezi ulimtosha Mama Sitaki kulipa kodi ya vyumba viwili na ada ya mtoto mmoja kati ya watatu. Wawili walisoma kwa huruma ya mwalimu mkuu. Kwa hiyo hospitali ilipotangaza kwamba inatafuta watu wa kuifulia mashuka, karibu mia mbili kwa siku, hakuna aliyefurahi kumzidi yeye.

"Nilicheza, mwanangu. Muulize wifi yangu. Nilicheza na ndoo kichwani mpaka maji yakamwagika."

Hospitali ilikuwa na sharti lake, na sharti lenyewe linaeleweka. Mashuka ya wagonjwa yalowekwe kwenye maji moto yenye klorini kali. Kikao kikaitwa. Mwenyekiti, mama mpole, mcheshi, anayependwa na wote na anayestahili kupendwa, akaeleza mpango. Kuloweka kutafanyika katika chumba cha kulowekea, mlango ukiwa umefungwa ili joto lisipotee. Vibanio vikaanza kupanda kwenye kamba, ta, ta, ta.

Chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya ghala. Kina mlango mmoja na kuta nne. Kazi ya kuloweka ni ya Mama Sitaki tangu alipojiunga, na alikijua chumba hicho kama anavyoijua sufuria yake. Hata kwa sabuni ya kawaida macho humwasha humo. Akasimama, kibanio mkononi, akasema maneno ambayo watu wanne tofauti wamelithibitishia gazeti hili kwamba waliyasikia hivi hivi:

"Kazi tuichukue. Ila kile chumba hakina pa kupumulia. Tutoboe dirisha kwanza, au tuloweke uani. Mkikubali moja kati ya hayo, nabana sasa hivi."

Msomaji, rudi uyasome tena maneno hayo. Tafuta ndani yake mahali alipoikataa kazi. Tafuta wivu, tafuta ubishi, tafuta roho mbaya. Ukivipata, umewashinda watu waliokaa kikao kizima wakivitafuta.

Maana ndivyo kilivyokwenda. Kikao kilianza baada ya chakula cha mchana na jua likazama watu wangali wamekaa, yeye kasimama. Mmoja alisema Mama Sitaki anaona gere kwa kuwa hakuchaguliwa mwenyekiti. Mwingine akasema tangu binti yake aingie chuo amekuwa wa kujisikia. Wa tatu akakumbusha kwamba miaka mitatu iliyopita aliwahi pia kupinga ununuzi wa jiko la mafuta, akasahau kumalizia kwamba jiko lenyewe lililipuka. Mwenyekiti akaongea kwa upole mno juu ya umoja, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, kwamba hospitali haitangoja. Mama mmoja alilia. Walizungumza juu ya tabia yake, ndoa yake, watoto wake na sauti yake. Juu ya dirisha hawakuzungumza hata kidogo.

"Nilisema dirisha, wakasikia mimi," anasema. "Nikawa mimi ndiye hoja. Wakanijadili mimi, kama vile nikiisha, na chumba kitapata hewa."

Miguu yake huvimba akisimama muda mrefu. Mazoea ya miaka ya kusimama kwenye maji, anasema. Kufikia jioni vidole vya miguu vilikuwa vimejaa ndani ya viatu. Kumi na mmoja walikuwa wameshabana. Kamba ilikuwa na pengo moja tu, na watu wote walikuwa wakilitazama pengo hilo kwa njaa.

Kisha akaomba ruhusa aende msalani.

Hakuona vyema kwenda na kibanio chooni. Akakiweka mezani, mbele ya kiti chake, kama mtu anavyoacha leso yake mahali kuonyesha kwamba ameondoka lakini anarudi. Aliporudi akasikia vigelegele toka mlangoni.

"Nikafikiri kuna mtu amepata mchumba," anasema, na anacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Naingia, watu wanapiga makofi. Naangalia kamba. Uzi wa kijani ule pale."

Aliyekibana ni wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe, msichana aliyemleta yeye mwenyewe kwenye kikundi na kumfundisha kukamua. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na kwa dobi msemo huo unauma mara mbili.

Kwa nini hakupiga kelele hapo hapo?

Anasukuma shuka ndani ya maji kwa ngumi, linajitokeza upande mwingine, analisukuma tena.

"Nilitazama nyuso zao," anasema mwishowe. "Kila mtu alikuwa ameshabeba mkoba wake."

Kazi ya hospitali ilianza, na fedha zikaja. Hilo lazima lisemwe. Mgao uliongezeka karibu mara mbili, na watoto wote watatu wa Mama Sitaki wakalipiwa ada mwezi mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Na kila asubuhi mama yao aliingia ndani ya stoo ile, mlango ukafungwa nyuma yake, akasimama juu ya mapipa yenye kufuka mvuke wa klorini.

Wiki ya kwanza yalikuwa macho. Wiki ya tatu kikawa kifua. Akawa anatoka nje kila baada ya muda, anajishikiza ukutani, anavuta hewa kama mtu aliyeibuka toka majini. Walioko kwenye pasi wakaanza kusema anadeka. Alipokwenda kwa mwenyekiti kumweleza, alijibiwa kwa maneno ambayo ameyasikia mara nyingi mno kiasi kwamba huyasema usingizini, kwa mujibu wa mumewe.

"Lakini dada yangu, kibanio chako si kilikuwa kwenye kamba?"

Hebu litazameni jibu hilo. Unamsimamisha mtu mpaka miguu ivimbe, unambania kibanio akiwa chooni, kisha anapokohoa unamwambia alikubali mwenyewe. Heri hata wangepiga kura wakamshinda! Aliyeshindwa kwa kura anatoka na haki yake ya kusema, "Mimi nilipinga." Huyu alinyang'anywa hata kule kupinga kwake. Kikao kilichofuata alijaribu kulirudisha jambo hilo, akaambiwa lilishapita.

Daktari alimpima, akamwambia bila kuzungusha maneno kwamba kifua chake hakitapona akiendelea kuuvuta mvuke ule. Alimwandikia dawa na kumshauri afanyie kazi mahali penye hewa. "Nikamwambia, daktari, hayo si ndiyo niliyoyasema mimi?"

Mumewe ni fundi viatu. Kibanda chake kiko mtaa wa pili, na anaongea huku misumari midogo ameibana kwenye midomo.

"Mke wangu mbishi, sikatai. Hata mimi hunipinga," anasema. "Nikitaka kununua kitu ananiambia ngoja. Nikiuliza ngoja nini, ana jibu. Ukilitimiza lile jibu, anatoa na hela yake anakuongezea. Sasa wale hawakumuuliza ngoja nini." Anatema msumari mmoja kiganjani. "Na dada yangu nimemwambia, hapa nyumbani usije mpaka umalizane na wifi yako."

Siku Mama Sitaki alipokohoa hadi akakaa chini, hakurudi chumbani. Alibeba mabeseni mawili, akayapeleka uani, akaanza kuloweka na kufua hapo, peke yake, mbali na mapipa. Kwa mikono yake miwili anamaliza mashuka sitini kwa siku. Yanayobaki hulowekwa chumbani na mtu mwingine. Na mtu huyo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyefundishwa kazi hiyo, ni wifi yake.

Siku hiyo hiyo ndipo alipookota mkaa na kuchora dirisha la kwanza.

Jumamosi iliyopita kikundi kiliitisha kikao. Hoja ilikuwa moja: Mama Sitaki aondolewe. Mwenyekiti aliruhusu mwandishi ahudhurie, kwa kuwa, alisema, "hatuna cha kuficha, sisi mambo yetu yote ni ya makubaliano."

Kamba ikafungwa juu ya meza. Mama Sitaki alikaa mwisho wa benchi akiwa na aproni yake, kwa kuwa alikuwa ametoka kwenye beseni na alikusudia kurudi. Mwenyekiti akaeleza kwa upole ule ule kwamba mwenzao amejitenga, anachora kuta, anawatia watu aibu mbele ya hospitali, na kwamba kikundi ni kukubaliana. Akatangaza pia kwamba kwa kuwa jambo linamhusu yeye, kibanio chake hakitahesabiwa. Hakuna aliyeuliza kanuni hiyo imetoka wapi.

Vibanio vikapanda. Cha Mzee wa Pasi kilipanda cha kumi, taratibu, na mwenyewe hakukitazama.

Kikabaki kimoja. Wifi akainuka, kibanio mkononi, akasimama.

Ni mwanamke mwembamba, na sasa macho yake yana wekundu ule ule ambao wenzake waliuona kwa Mama Sitaki. Alifungua mdomo, akakohoa kwanza.

"Wewe tena?" mtu mmoja akasema. "Na wewe hutaki?"

"Jamani, twende mbio," mwingine akadakia, "nimeacha sufuria jikoni."

"Mwanangu," mwenyekiti akaanza, "hili ni jambo la umoja wetu. Najua ni wifi yako, damu nzito, lakini..."

Ilikuwa inaanza upya. Mtu yeyote aliyekuwa mle ndani aliona inavyoanza: kwanza udugu wake, kisha ujana wake, kisha saa ya chakula, mpaka miguu yake nayo ivimbe. Na wa kuizuia hakuonekana, hadi sauti ikatoka mwisho wa benchi.

"Mwacheni," alisema Mama Sitaki. Hakuinuka. Alimgeukia mtu aliyembania kibanio chake, mtu ambaye hajamsemesha kwa miezi, akamuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa.

"Wifi, unahitaji nini ndipo ubane?"

Mzee wa Pasi aliinamisha kichwa. Ni yeye pekee mle ndani, mbali na Mama Sitaki, aliyewahi kulisikia swali hilo likitoka kinywani mwa mwenyewe Bibi Povu.

"Nahitaji kusema kwanza," wifi alijibu. "Siku ile ni mimi niliyekibana. Nilimwacha mwanangu na homa nyumbani. Nikaona wifi atasimama mpaka usiku, na ninyi mtamla nyama mpaka usiku, nikasema heri nusu shari. Nikajiambia namsaidia. Na ninyi nyote mlikuwa mnaniangalia. Mlinyamaza, halafu mkapiga makofi."

Watu kumi. Watu wazima kumi waliuona mkono wa mtu ukichukua kauli ya mtu mwingine mezani na kuitundika kwenye kamba, na kilichowatoka ni vigelegele.

"Nilidhani ni mambo ya kifamilia," mwenyekiti alisema, kwa sauti ndogo.

"La pili," wifi akaendelea, sasa analia waziwazi, "niambieni. Tukishamtoa huyu, dirisha litajitoboa lenyewe? Maana mimi ndiye niko mle ndani sasa. Nikifa mtamweka nani?"

Mtu mmoja alicheka, kwa woga tu, kisha akaziba mdomo.

"Hatukuja hapa kuzungumzia dirisha," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo shida yenyewe." Aliyesema sasa ni Mzee wa Pasi. "Hatujawahi kuja hapa kuzungumzia dirisha." Akanyoosha mkono wake mrefu juu ya meza, akakitoa kibanio chake kwenye kamba. Kanuni hairuhusu. Alikitoa, akakishika mkononi, akasimama, na magoti yake yakasikika yakilia.

Kikao kilivunjika kamba haijajaa, kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianzishwe. Watu walitoka wakinong'ona kana kwamba kuna msiba. Nje, karibu na mabeseni, mwenyekiti alikubali kuzungumza na gazeti hili, na itakuwa dhuluma kutoandika alichosema.

"Niliogopa," alisema. "Hospitali wangetuona tunasuasua, wangempa kazi mtu mwingine. Nilikuwa na watu kumi na mmoja wanaonitazama usoni. Nikaona bora mmoja aumie roho kidogo kuliko wote walale njaa. Sikujua kama ni kifua."

Hakujua kwa sababu hakuuliza. Na sasa msikie yaliyofuata, ndipo mjue hasira ya mwandishi huyu inatoka wapi. Jumapili wifi alikwenda kwa mwenye jengo, mzee anayeishi nyuma ya duka lake la vyuma, akamuuliza kama kikundi kinaweza kutoboa dirisha katika ile stoo. Mzee hakumaliza hata kusikiliza. Alisema toboeni, ukuta wenyewe ni wa matofali mepesi, mradi mpige plasta vizuri. Fundi mwashi alipoulizwa akasema ni kazi ya siku mbili, na fremu anayo kuukuu isiyo na mwenyewe.

Siku mbili, na fremu ya bure. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakufikiria kwamba watapatikana watu wa kuvunja kikundi kizima badala ya kutoboa tundu moja ukutani.

Mama Sitaki alipoletewa habari hizo na wifi yake alimwambia avute beseni la pili, kwa kuwa mashuka ni mengi. Tangu siku hiyo wanafua wawili uani. Bado hawajapatana kwa maneno. "Maneno yatakuja," anasema. "Kwanza apone kifua."

Kikao kingine ni Jumamosi ijayo, na tayari ana mpango. Hajiandai kulipa kisasi. Uenyekiti hautaki, na akiupewa, anasema, ataukimbia kama nguo zilizoanikwa zinavyokimbizwa na mvua. Anataka mambo matatu tu. Kibanio kishikwe na mkono wa mwenyewe, na mwenyewe akitoka, kikao kisimame. Anayekishika aulizwe swali la Bibi Povu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, na ajibiwe juu ya alichokisema, si juu ya mama yake mzazi.

"Na la tatu?"

"La tatu nimeshalileta," anasema, akionyesha kwa kidevu. Pembeni mwa mlango kuna kigoda cha mbao, miguu mitatu, kimechongwa upya upande mmoja na mumewe. "Mwenye kupinga akae. Mtu mwenye miguu inayomuuma hawezi kusema mambo ya maana, na anayemsikiliza hawezi kusikia. Bibi Povu, Mungu amrehemu, kwenye hilo alikosea."

Na akiulizwa Jumamosi kama sasa anaikubali kazi ya hospitali, atasema nini?

Anaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, anatoa kibanio chenye uzi wa kijani. Alikitoa mwenyewe kwenye kamba ya zamani, akakifunga uzi mpya, na tangu hapo hakilali nje ya mfuko huo.

"Nitasema niliyoyasema mwanzo. Kazi naitaka. Wakitoboa asubuhi, mchana nabana."

Jumatano jioni mwandishi alirudi uani kumuaga. Mashuka yalikuwa yameanuliwa, mapipa yamefunikwa, watu wanavua aproni. Kwenye ukuta wa chumba cha kulowekea mraba wa mkaa ulikuwa mahali pake, mweusi, na pembe zake zote nne zimekamilika. Mama Sitaki alisema hajauchora tena tangu Jumatatu.

Wanaofanya kazi humu ni madobi. Ni watu wasioweza kuona doa kwenye nguo ya mgeni wakakaa kimya. Mmoja baada ya mwingine walipita mbele ya ukuta ule wakielekea langoni, kila mmoja aliutazama, na vitambaa vyao vya maji vikabaki vimening'inia kwenye ndoo. Wa mwisho kupita alikuwa mwenyekiti. Alisimama hapo kitambo, akaupima mraba kwa kunyoosha mikono yake, kisha akaenda zake.

"Wameliona," Mama Sitaki alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, miguu ndani ya beseni la maji baridi. "Sasa nasubiri nyundo."